Sumukuvu katika Chakula cha Nguruwe Wachanga: Huenda Wapi Mwilini na Hukaa Muda Gani

Mahindi yanapoota ukungu ghalani, familia nyingi hufanya jambo linaloonekana kuwa la busara. Punje huchambuliwa, zilizo nzuri hupelekwa mashineni kwa ajili ya ugali, na zilizobadilika rangi huwekwa kando kwa ajili ya mifugo. Nguruwe ndiye hupewa sehemu kubwa, kwa kuwa husemwa kwamba yeye hula kila kitu. Somo hili linaeleza kinachotokea baada ya hapo: sumu iliyomo katika punje hizo huenda wapi ndani ya mwili wa nguruwe, hasa aliye mchanga, hukaa muda gani, na ni viungo gani ambavyo mlaji anapaswa kuviangalia kwa makini zaidi. Limeandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa bucha, na pia kwa ajili ya mwenye nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, ambaye mara nyingi ni mlaji wa nyama yake mwenyewe.

Kuvu na sumu yake

Sumukuvu ni jina la jumla la kemikali zinazotengenezwa na baadhi ya kuvu zinazoota katika nafaka, karanga, mbegu za mafuta na mazao mengine, ama shambani ama baada ya kuvuna. Ni lazima tutofautishe kuvu na sumu yake. Kuvu huonekana kwa macho kama vumbi la kijani, la manjano au la kijivu, na huweza kufa kwa joto au kupukutika kwa kupepeta. Sumu haionekani wala haitambuliki kwa harufu, na hubaki katika punje hata baada ya kuvu yenyewe kutoweka. Kwa hiyo pumba zilizo safi kwa macho zinaweza kuwa na sumu, na punje yenye ukungu inaweza isiwe nayo. Kipimo pekee ndicho kinachoamua.

Elimu ya sumu hizi ilianzia kwa mifugo. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu iliyopatikana humo ikaitwa aflatoksini. Mwaka 1965 watafiti nchini Afrika Kusini wakatambua sumu nyingine, okratoksini A. Katika eneo letu aflatoksini imekwisha kuua watu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, waliripotiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016, katikati mwa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliripotiwa wagonjwa 68 na vifo 20. Katika matukio hayo yote mawili chanzo kilikuwa mahindi yaliyoliwa na watu moja kwa moja, wala si nyama. Jambo hili lishikwe tangu sasa, kwani tutalihitaji tutakapofika kwenye hesabu.

Sumu hizi hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na binadamu ni mikrogramu zisizozidi 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya mahindi, na kati ya hizo aina ya B1, iliyo kali kuliko nyingine, isizidi 5. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Okratoksini A imewekwa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa.

Ziko sumukuvu nyingine zinazomdhuru nguruwe. Fumonisini humjaza maji mapafuni. Deoksinivalenoli humfanya akatae chakula na kutapika. Zearalenoni hufanana kazi na homoni ya kike, hata majike wachanga huvimba sehemu za uzazi kabla ya wakati wao. Hizi ni hasara kubwa kwa mfugaji, lakini kiasi kinachobaki katika nyama ni kidogo mno, kwa hiyo tutaziacha hapa. Zinazomgusa mlaji ni mbili: okratoksini A na aflatoksini.

Kinachoondolewa kwenye unga huishia kwenye hori

Nguruwe wa kwetu hulishwa zaidi pumba za mahindi, mashudu ya alizeti au ya pamba, machicha ya pombe, dagaa, na mabaki kutoka jikoni na hotelini. Tuanze na pumba. Tunapokoboa mahindi ili tupate sembe nyeupe, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika ganda na kiini cha punje, na hivyo ndivyo vinavyofanya pumba. Uchambuzi wa punje nao huenda njia hiyo hiyo. Sumu haisambai sawasawa katika gunia. Hukusanyika katika punje chache zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi. Kukoboa na kuchambua, kwa hakika, ni miongoni mwa kinga bora alizonazo binadamu. Ila kila kilichoondolewa kwenye unga kimesogezwa tu upande wa pili, na chakula cha nguruwe huweza kuwa na sumu nyingi zaidi kuliko gunia lilivyokuwa mwanzoni. Machicha nayo hubeba sumu ya nafaka iliyotumika, kwa kuwa kuchachusha hakuiondoi.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo, yaani wanyama wacheuao, wana tumbo lenye vijidudu vinavyovunja sehemu kubwa ya okratoksini kabla haijaingia katika damu. Nguruwe hana tumbo la namna hiyo. Tumbo lake linafanana na letu, na takriban theluthi mbili ya okratoksini aliyokula huingia katika damu yake.

Kwa nini aliye mchanga huathirika zaidi

Jambo la kwanza ni ulaji. Nguruwe mchanga mwenye uzito wa kilo 10 hula takriban nusu kilo ya chakula kwa siku, yaani gramu 50 kwa kila kilo ya mwili wake. Nguruwe wa kilo 100 hula kama kilo tatu, yaani gramu 30 kwa kila kilo ya mwili. Wakila kutoka hori moja, mdogo hupata dozi kubwa zaidi ingawa amekula kidogo.

La pili ni ini. Vimeng'enya vya ini ambavyo huvunja sumu na kuiandaa itoke mwilini havijakomaa katika wiki za kwanza. Isitoshe, mtoto huanza kupokea sumu hata kabla hajafika kwenye hori, kwa sababu mama aliyelishwa chakula chenye sumukuvu huipitisha katika maziwa yake. Wakati wa kuachishwa kunyonya ndio wakati mgumu zaidi: mtoto ameacha maziwa, tumbo lake bado linazoea chakula kikavu, na kinga yake ni dhaifu. Akipewa pumba zenye ukungu wakati huo, hukua polepole, manyoya husimama, na magonjwa mengine humpata kwa urahisi. Mara nyingi mfugaji hulaumu minyoo.

Sheria za nchi nyingine zinautambua udhaifu huu. Nchini Marekani mahindi ya kulishwa nguruwe wa kunenepeshwa wenye kilo 45 au zaidi yanaruhusiwa kuwa na hadi mikrogramu 200 za aflatoksini kwa kilo, lakini kwa nguruwe wachanga kikomo ni 20. Umoja wa Ulaya ni mkali zaidi: mikrogramu 20 za aflatoksini B1 katika chakula kamili cha nguruwe wakubwa, na 5 tu katika kile cha watoto wa nguruwe. Ukitazama vizuri, kikomo hicho cha mwisho ni sawa na kile tulichojiwekea sisi kwa mahindi ya binadamu. Chakula cha kitoto cha nguruwe, kwa kipimo hicho, kinapaswa kuwa safi kama ugali.

Namna okratoksini inavyojikusanya

Okratoksini ikishaingia katika damu, hujishikiza kwenye protini iitwayo albumini, na zaidi ya asilimia 99 yake hubaki imeshikwa hapo. Hili ndilo linaloifanya ikae. Figo huchuja vitu vidogo vilivyo huru katika damu. Kitu kilichoshikwa na protini kubwa hakipiti katika chujio. Kile kidogo kinachofika katika mirija ya figo huvutwa ndani ya chembehai za mirija hiyo, na sehemu yake hurudishwa tena katika damu badala ya kwenda na mkojo. Ini nalo hujaribu kuitoa kupitia nyongo, lakini nyongo humwagwa katika utumbo, na humo sumu hufyonzwa upya. Sumu hivyo huzunguka, na chembehai za figo, ambazo huipokea kila mzunguko, ndizo zinazoumia.

Kwa nguruwe, kiasi cha okratoksini kilicho katika tishu hupungua kufikia nusu kwa muda wa takriban siku nne baada ya kuacha kula chakula chenye sumu. Siku nne zinaonekana chache. Lakini nguruwe hali mara moja katika siku nne; hula kila siku, na jipya huingia kabla la zamani halijatoka.

Mfikirie nguruwe kama pipa lililotoboka kidogo chini, ambalo kila asubuhi humiminiwa kikombe kimoja cha maji. Tuseme kila siku vipimo 100 vya sumu huingia katika damu, na kila siku nne nusu ya kilichomo hutoka. Siku ya pili mwili utakuwa na vipimo takriban 184. Siku ya nne vitakuwa karibu 315, na siku ya nane karibu 470. Baada ya wiki tatu vitafika kiasi cha 610, na hapo ongezeko hukoma, kwa sababu pipa likijaa kiasi hicho, kinachovuja kwa siku huwa sawa na kinachoingia. Kwa maneno mengine, nguruwe anayelishwa kidogo kila siku huishia kubeba mwilini zaidi ya mara sita ya dozi ya siku moja. Hiyo ndiyo maana ya kujikusanya. Haina maana kwamba sumu hupanda bila mwisho hadi siku ya kuchinjwa.

Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa huleta habari njema. Ukibadilisha chakula leo, baada ya siku nne hubaki nusu, baada ya nane robo, na baada ya siku 28 hubaki chini ya sehemu moja katika mia. Majaribio yaliyofanywa kwa nguruwe nchini Denmark yaliafikiana na hesabu hii: baada ya wiki nne hivi za chakula safi, sumu ilikuwa imetoweka katika tishu.

Mgawanyo wake mwilini si sawa. Damu ndiyo huwa na kiwango cha juu kabisa. Figo hufuata, kisha ini, kisha mnofu, na mwisho kabisa mafuta. Mlaji aikariri orodha hii fupi, maana ushauri wetu wote wa bucha unatokana nayo. Na kuhusu damu, mapishi yake si mageni kwetu: mutura wa Kenya na kisusio cha Wachaga hupikwa kwa desturi kwa damu ya mbuzi au ya ng'ombe. Hao ni wacheuaji, na okratoksini nyingi huvunjwa tumboni mwao. Anayetaka kutengeneza soseji ya damu kwa damu ya nguruwe asidhani kwamba amebadilisha mnyama tu.

Figo za Denmark

Hakuna nchi iliyolifuatilia jambo hili kwa muda mrefu kama Denmark, nchi inayofuga nguruwe wengi kuliko idadi ya watu wake. Tangu mwaka 1928 madaktari wa mifugo wa huko walikuwa wameandika juu ya ugonjwa wa figo wa nguruwe waliolishwa nafaka yenye ukungu. Figo zao zilikuwa kubwa kupita kiasi, zimepauka, na zimekuwa ngumu kwa makovu. Nguruwe wenyewe walikunywa maji mengi na kukojoa sana. Katika miaka ya 1970 mtafiti Palle Krogh na wenzake walithibitisha kwamba okratoksini A ndiyo iliyokuwa chanzo kikubwa. Kuvu inayoitengeneza huko hupenda baridi na huota katika shayiri iliyovunwa ikiwa na unyevu. Katika majaribio yao, chakula chenye mikrogramu 200 kwa kilo kilitosha, kikiliwa kwa miezi, kuharibu kazi ya figo.

Ikafuata hatua inayomhusu mlaji. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 machinjio ya Denmark yalianza utaratibu ambao kila nguruwe mwenye figo zilizopauka na kuvimba hutengwa, na kipande cha figo hupelekwa maabara. Figo ikionekana kuwa na mikrogramu 25 za okratoksini kwa kilo au zaidi, nguruwe mzima hutupwa. Ikiwa ni kati ya 10 na 25, viungo vya ndani ndivyo hutupwa na nyama huachwa. Utaratibu huu una busara ndani yake, kwani unaitumia figo kama shahidi wa mwili mzima. Kilichomo katika figo kinatuambia mnofu umebeba kiasi gani bila kuukata mnofu wenyewe.

Una pengo pia, na ni haki mlaji alijue. Jicho la mkaguzi huona kidonda, na kidonda huchukua miezi kujengeka. Nguruwe mchanga aliyekula pumba mbovu kwa wiki mbili za mwisho anaweza kuwa na damu na figo zilizojaa sumu, huku figo hizo zikionekana laini na zenye rangi yake ya kawaida. Kinyume chake pia hutokea: figo yenye makovu ya zamani inaweza kuwa haina sumu tena, na yako maradhi mengine yanayoipausha figo. Kwa sababu hiyo jicho hutangulia na maabara hufuata.

Kwetu joto ni kubwa zaidi, na kuvu zinazotawala katika mahindi ni zile za aflatoksini na fumonisini. Hata hivyo okratoksini hutengenezwa pia na kuvu za nchi za joto, na hupatikana katika mahindi, mtama na kahawa. Hatuna sababu ya kuiona kuwa ni sumu ya Ulaya peke yake.

Kwa binadamu inakaa muda mrefu kuliko kwa nguruwe. Katika damu ya mtu huchukua takriban siku 35 kupungua kufikia nusu. Rudi kwenye mfano wa pipa na weka tundu dogo zaidi. Mlo mmoja wa figo hautamdhuru mtu mzima mwenye afya. Mazoea ya kila wiki ya figo na damu kutoka banda moja lenye chakula kibovu ni jambo jingine.

Aflatoksini: ini, na hesabu ya kweli

Aflatoksini haifuati njia ile. Ini huishambulia haraka, na katika kuivunja hutengeneza zao kali linalojishikiza kwenye chembe za urithi za ini lenyewe. Kwa hiyo nguruwe huumia ini, lakini sumu iliyo huru katika tishu zake huisha ndani ya siku chache akipewa chakula safi. Inayobaki hupatikana zaidi katika ini na figo.

Ni kiasi gani? Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu husema kwamba kwa kila sehemu 800 za aflatoksini B1 katika chakula cha nguruwe, sehemu moja hupatikana katika ini. Tuchukue chakula kibovu sana, chenye mikrogramu 400 kwa kilo. Ini litakuwa na nusu mikrogramu kwa kilo. Mtu akila gramu 150 za ini hilo atapata mikrogramu 0.075. Sasa tumchukue mtu huyo huyo akila ugali wa gramu 400 za unga wenye mikrogramu 10 kwa kilo, unga ulio mwishoni kabisa mwa kiwango kinachoruhusiwa. Atapata mikrogramu 4, zaidi ya mara 50 ya ile ya ini. Unga ulio nje ya kiwango hicho hatuna haja ya kuufanyia hesabu.

Tunaisema hesabu hii waziwazi kwa sababu tahadhari isiyo na kipimo hupotosha. Mlaji anayekataa maini ya kitimoto na huku ananunua unga usiojulikana ulipotoka hajajikinga. Na msomaji asiyekula nguruwe, kwa dini au kwa kupenda, asidhani kwamba habari hii inampita: pumba zile zile hupewa ng'ombe wa maziwa, na aflatoksini huingia katika maziwa kwa urahisi mkubwa zaidi, takriban sehemu moja kwa kila sehemu 75 za chakula. Maziwa hunywewa na watoto.

Kwenye bucha

Nunua nyama iliyokaguliwa na yenye muhuri. Ukaguzi wa nguruwe katika nchi zetu hulenga zaidi minyoo ya tegu na magonjwa ya kuambukiza kama homa ya nguruwe ya Afrika, lakini mkaguzi aliyefungua tumbo ameona pia ini na figo, na nguruwe aliyechinjiwa uani hakuonwa na mtu.

Viungo vya ndani uviangalie wewe mwenyewe. Figo nzuri ya nguruwe ina rangi ya kahawia yenye wekundu, ni laini juu, na si kubwa kupita kiasi. Iliyopauka, iliyovimba, au yenye mashimo na makovu, iache. Ini lenye rangi ya manjano, lenye mafuta yanayoonekana au gumu kama mpira, liache vilevile, na usikubali kupewa kwa nusu bei. Figo isiyo na kasoro haithibitishi kwamba haina sumu, kama tulivyoeleza. Kwa hiyo figo, ini na damu ya nguruwe visiwe chakula cha kila siku, hasa kwa watoto na kwa mama wajawazito. Mnofu ndio wenye kiasi kidogo zaidi, na mafuta hata kidogo kuliko huo.

Kupika hakutakusaidia sana. Aflatoksini huvunjika kwenye joto la nyuzi zaidi ya 230 za Selsiasi, ambalo halifikiwi ndani ya nyama inayochemshwa wala inayokaangwa. Okratoksini nayo hupungua kidogo tu kwa kukaanga. Ndimu, pilipili, moshi na chumvi vina kazi yake katika mapishi, ila si hii.

Kuna swali moja ambalo ni halali kumwuliza mwenye bucha au mfugaji, nalo ni hili: nguruwe huyu alikuwa anakula nini mwezi uliopita? Mwezi ndio muda unaohesabika. Uwe mwangalifu zaidi na nyama inayouzwa kwa haraka. Inaposikika kwamba homa ya nguruwe imeingia wilaya ya jirani, wafugaji huchinja wengi kwa siku chache, wachanga kwa wakubwa, kabla ugonjwa haujafika. Ada ya shule ikidaiwa ni hivyo hivyo. Nguruwe wa namna hiyo hakupata siku hata moja ya chakula safi, na bei yake ya chini ndiyo inayotuvuta.

Kwa mwenye nguruwe nyumbani

Kinga huanza na ukavu. Mahindi yakaushwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, hadi unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu atumie chupa kavu ya kioo: atie mahindi hadi theluthi ya chupa, aongeze vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa, atikise kwa dakika kadhaa, kisha asubiri robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Pumba na mashudu vikae juu ya vichaga, mbali na ukuta, na vinunuliwe vya wiki chache tu, kwa maana pumba zilizosagwa hushika unyevu upesi kuliko punje nzima. Mabaki yaliyoganda pembezoni mwa hori yakwanguliwe kila siku. Huota ukungu hata pale ambapo chakula kilichoingia kilikuwa kizuri.

Wapo wafugaji wanaochanganya mahindi mabovu na mazuri ili kupunguza makali. Hatushauri hivyo. Bila kipimo mfugaji hajui anapunguza kutoka wapi, na mara nyingi anachofanya ni kuharibu gunia la pili. Udongo maalumu wa kufyonza sumu, unaouzwa kama kiongeza cha chakula cha mifugo, hufanya kazi nzuri kwa aflatoksini, kwa sababu huishika tumboni kabla haijafyonzwa. Kwa okratoksini haufai kitu. Muuzaji anayedai kwamba bidhaa yake huondoa sumukuvu zote aombwe aeleze ni zipi, na kwa kipimo gani.

Punje zilizochambuliwa na kukutwa na ukungu zisiende kwa nguruwe, kwa kuku wala kwenye pombe. Zifukiwe mbali na banda. Najua kwamba ushauri huu ni mzito katika mwaka wa njaa, na mfugaji mwenye debe moja la chakula hawezi kulitupa kwa maneno ya kijitabu. Ikiwa hakuna njia nyingine, jike mwenye mimba au anayenyonyesha na watoto walioachishwa kunyonya wasiguse chakula hicho kabisa, na nguruwe yeyote aliyekila asichinjwe mpaka zipite wiki nne za chakula kisafi, zikihesabiwa tangu siku ya mlo wa mwisho wenye ukungu. Tarehe hiyo iandikwe ukutani mwa banda kwa chaki, ili atakayekuja kununua aione.

Nguruwe wachanga wakikataa chakula kwa pamoja, wakitapika, wakinywa maji kupita kawaida au wakifa ghafla, chakula kisimamishwe siku hiyo hiyo, na kilo moja yake, iliyochotwa sehemu mbalimbali za gunia, iwekwe katika mfuko wa karatasi na kukabidhiwa kwa ofisa mifugo wa kata pamoja na taarifa ya mahali ilikonunuliwa. Mfuko wa plastiki usitumike, kwa kuwa huhifadhi unyevu na kuotesha kuvu mpya njiani.